Hela: Neno Lililodumu Kuliko Madini Yake

Lugha yetu ina tabia ya kuhifadhi vitu ambavyo mikono ilikwisha kuvitupa. Akisema mtu wa Unguja kwamba hana pesa, na wa Mrima kwamba hana hela, wote wawili wanataja sarafu ambazo leo hapana mwenye duka atakayezipokea. Pesa ilitoka Bara Hindi, ikaletwa na pepo za msimu pamoja na nguo na mchele. Hela ililetwa na Wajerumani mwaka 1904, na nasaba yake inarudi kwenye mji wa Hall, kusini ya Ujerumani, ambako katika zama za kati zilipigwa peni ndogo zilizopewa jina la mji wenyewe. Dola ya Kijerumani ilikwisha kuondoka katika nchi hizi zaidi ya miaka mia iliyopita. Kiko wapi chuo cha fedha kinachotoa hela? Hakuna. Lakini mtoto wa Tandika bado anamwomba baba yake hela ya daftari, naye baba anamwelewa.

Katika makala haya nataka kuifuata hela mpaka pahala ilipozaliwa mara ya pili, si Ulaya bali Tabora, mwaka 1916, katika karakana ya reli. Kisha nataka kuufuata mkondo wa vita uliosababisha kuzaliwa kwake, mpaka katika nchi ya mpakani ambayo leo ni Mkoa wa Songwe. Swali langu ni moja tu: sarafu inapotengenezwa kwa dhiki, gharama yake humwangukia nani?

Tuanze na moto, maana kila sarafu ya madini hupitia motoni. Ziko njia mbili kubwa za kuitengeneza. Njia ya kwanza ni kugonga: kipande cha madini kilichokatwa mviringo huwekwa baina ya mihuri miwili ya chuma, kikabanwa au kikapigwa nyundo mpaka kikashika sura. Njia ya pili ni kusubu: madini huyeyushwa yakawa maji, yakamiminwa ndani ya kalibu. Waliobobea katika njia hii ya pili ni watu wa Mashariki ya Mbali, Wachina na jirani zao Wavietinamu. Fundi alichukua sarafu ya mama, akaigandamiza katika mchanga mlaini mpaka ikaacha alama zake, akachora vijia baina ya alama hizo, kisha akamimina shaba. Yakipoa madini, hutoka kitu mfano wa mti, shina na matawi, na kila tawi limezaa sarafu. Sarafu zilivunjwa matawini, zikatungwa katika ufito wa pembe nne kupitia tundu la katikati, zikapigwa tupa kingo zake kwa pamoja. Tundu lile lile ndilo lililopitishwa kamba zilipokwenda sokoni.

Vietnam ilianza kusubu sarafu zenye jina la mfalme wake yenyewe mnamo mwaka 970, chini ya Đinh Bộ Lĩnh, alipokwisha kuikomboa nchi kutoka katika kivuli cha China. Basi tangu mwanzo sarafu ile ilikuwa ni tangazo: nchi hii ina mwenyewe. Lakini tangazo linahitaji madini. Katika karne ya 18 watawala wa kusini, wa ukoo wa Nguyễn, waliishiwa na shaba, kwani Japani waliyokuwa wakinunua shaba kwake ilikuwa imepunguza kuiuza nje. Mwaka 1746 Nguyễn Phúc Khoát akaanza kusubu sarafu za zinki. Zinki ni rahisi, na inavunjika upesi. Watu waliipokea kwa amri, si kwa ridhaa. Waliokuwa na mpunga waliona kheri kuufungia ghalani kuliko kuubadilisha kwa madini dhaifu, na bei ya chakula ikapanda kwa wasio na ghala. Mwaka 1771 yakazuka maasi ya Tây Sơn yaliyoung'oa utawala ule. Sisemi kwamba zinki peke yake ndiyo iliyoleta maasi. Kodi nzito na uonevu vilikuwa na sehemu yao. Nasema kwamba sarafu mbovu ilikuwa ni barua ambayo kila mwananchi aliisoma kiganjani mwake.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba naleta habari za mbali zisizomhusu. Mwaka 1945 huko Kajengwa, upande wa Makunduchi, kulichimbuliwa sarafu za Kichina zipatazo 176, nyingi kati yake za zama za Song, zenye lile tundu la pembe nne. Sarafu za kusubu, basi, zililala katika udongo wa Unguja karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Na pwani hii haikuwa ya kupokea tu. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu zao za shaba, na mshairi yeyote atazipenda akijua habari yake: upande mmoja huwa jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno ya pande mbili hizo yameandikwa kwa Kiarabu chenye kina kimoja. Mnunuzi wa samaki aligeuza sarafu kiganjani kama mtu ageuzavyo ubeti, ukwapi kwa utao.

Bara nako kulikuwa na moto wake. Nyanda za juu baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, nchi ya Wanyiha na Wafipa, zilikuwa nchi ya chuma. Mafundi walijenga matanuri marefu ya udongo, marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta upepo yenyewe kupitia matundu ya chini. Yalijazwa makaa na mawe ya chuma kwa tabaka. Kilichotoka humo kilipelekwa katika tanuri dogo la mivukuto, kikasafishwa, ndipo mhunzi akakifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Hata mbingu, mtu angeweza kusema, iliitambua kazi ya nchi ile, maana ndiko kiliko Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lenye uzito wa tani zipatazo 16.

Jembe la Unyiha halikuwa na sura ya mfalme, ila lilikuwa na thamani ambayo kila mtu aliweza kuipima kwa jicho. Liliingia katika mahari, likabadilishwa kwa mifugo na chakula, likasafiri mbali na tanuri lililolizaa. Tofauti yake na sarafu ni kubwa, na inafaa tuikumbuke katika yanayofuata: jembe likikataliwa sokoni, mwenyewe hurudi nalo nyumbani akalima. Sarafu ikikataliwa, mwenyewe hubaki na kipande cha chuma kisichofaa hata kumenyea muhogo.

Wajerumani walipoingia walikuta rupia na pesa zimeenea mpaka bara. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haikuthubutu kuziondoa. Kuanzia mwaka 1890 ilitoa rupia zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, na pesa za shaba zilizoandikwa kwa Kiarabu, ili mkono wa mtu wa pwani usishituke. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba, rupia tatu kwa nyumba ya shamba. Kodi hiyo ndiyo iliyoipeleka sarafu mpaka vijiji ambavyo havikuiomba. Mtu asiye na rupia alilazimika kuitafuta, na mahala pa kuitafuta palikuwa ni shamba la mlowezi, ujenzi wa reli, au mzigo wa msafara begani. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikachukua mamlaka ya fedha mikononi mwake, ikaigawa rupia kwa hela 100 badala ya pesa 64. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na marki 20. Sarafu hizo zote ziligongwa Ujerumani, Berlin na Hamburg, zikaletwa kwa meli.

Ndipo ilipokuja vita ya 1914, na kwa meli za Kijerumani bahari ikafungwa. Manowari Königsberg, iliyoizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika matawi ya Mto Rufiji mpaka ikaangamizwa humo Julai 1915. Tangu mwanzoni mwa mwaka huo Waingereza walikuwa wakiuzuia mwambao mzima. Meli mbili tu za mizigo ya vita zilipenya, moja Aprili 1915 na nyingine Machi 1916, nazo zilileta silaha na dawa. Serikali ikajikuta na jeshi la kulisha, maaskari wa kulipa, wakulima wa kununua nafaka kwao, na sanduku la fedha linalopungua kila siku, kwani aliyepata rupia ya fedha aliifukia chini ya kitanda.

Dawa ya kwanza ilikuwa karatasi. Noti za muda zilianza kuchapwa nchini kwa tarehe ya 15 Machi 1915, zikatolewa mfululizo kwa karatasi ya kila namna iliyopatikana. Mwaka 1917, jeshi likiwa linatangatanga porini, zilipigwa noti kwa herufi za mpira, kazi ambayo mtoto angeweza kuifanya mezani. Lakini karatasi haikumridhisha mkulima. Unaweza kumwamuru mtu apokee noti, lakini kumwamuru aiamini hutaweza. Hapo ndipo walipogeukia moto.

Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na karakana zake zilikuwa na mashine na mafundi. Katika karakana ya Lulanguru, karibu na Tabora, kukawekwa kiwanda cha sarafu. Madini yalipatikana kwa kukusanya kilichopo: shaba nyeupe na nyekundu ya vyombo na vyuma chakavu, na maganda ya risasi za mizinga zilizokwisha kupigwa. Yaliyeyushwa, yakalazwa kuwa mabamba, yakakatwa mviringo, kisha yakagongwa. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa hela 5 na hela 20 za mwaka 1916, zenye herufi T kwa jina la Tabora. Za hela 5 zilifika laki tatu na ushei. Za hela 20 zilipita milioni moja. Ukiziweka pembeni ya sarafu za Berlin unaiona dhiki kwa macho. Kingo hazikukamilika, taji limekaa kombo, mihuri ilichakaa ikabadilishwa mara kwa mara hata wakusanyaji wa leo wanazigawa kwa mafungu kwa kuangalia maumbo ya herufi na mapindo ya majani.

Dhahabu nayo ikaitwa. Ilitoka katika mgodi wa Sekenke, huko Iramba, ikafanywa sarafu ya rupia 15. Upande mmoja ina tai wa Kijerumani. Upande wa pili yuko tembo ameinua mkonga akilia, na nyuma yake mlima. Inasimuliwa kwamba mihuri yake ilichongwa na sonara Msinghala, mtu wa kisiwa cha Ceylon. Ziligongwa 16,198 tu. Sarafu moja ya namna hiyo, ukiihesabu kwa kiwango cha kodi ya mwaka 1898, ingelipa kodi ya mwaka mzima ya nyumba tano za shamba. Mkulima aliyeiona alikuwa mtu wa bahati; aliyeimiliki alikuwa nadra kuliko hata huyo.

Kiwanda hakikuishi. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora. Sarafu za tembo zikabaki duniani chache, zenye kupendeza, na leo zinauzwa katika minada ya Ulaya kwa bei ambayo fundi wa Lulanguru asingeiota. Katika minada hiyo husifiwa tembo, husifiwa dhahabu, husifiwa uhodari wa kutengeneza sarafu porini. Huko jina la mpagazi halitajwi.

Basi tuelekee kusini-magharibi, kwenye nchi ya jembe. Mpaka baina ya Wajerumani na Waingereza ulikuwa umechorwa kwa mkataba wa mwaka 1890, ule ule uliohusu Unguja na kisiwa cha Heligoland, nao ulipita katikati ya watu wenye lugha na ukoo mmoja. Mnamo Mei 1916, siku ambazo Tabora ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka huo kutoka Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Yalihitaji kulishwa, na hapakuwa na reli. Kila gunia, kila sanduku la risasi, lilipanda vichwani mwa watu. Punda na ng'ombe walikufa kwa ndorobo; binadamu alionekana ni rahisi kupatikana.

Miaka miwili baadaye vita vikarudi kwa mlango mwingine. Jenerali von Lettow-Vorbeck, baada ya kuzunguka Msumbiji, alipanda kupitia Songea na Ubena, akapita Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba 1918 akavuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini upande wa Fife, mwendo mfupi kutoka ilipo Tunduma ya leo. Alikuwa Kasama na mto Chambeshi habari za kumalizika kwa vita huko Ulaya zilipomfikia, siku mbili tatu baada ya tarehe 11 Novemba. Tarehe 25 Novemba akaweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala. Pamoja naye walikuwapo maaskari zaidi ya 1,100, na wapagazi, na wanawake na watoto waliofuata safari ile ya miaka minne.

Wapagazi walikuwa wa pande zote mbili. Upande wa Waingereza peke yake, wanaohesabiwa kuwa walikufa ni zaidi ya 95,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Wa upande wa Wajerumani hawakuandikwa kwa ukamilifu. Vijiji vya njiani vilitoa nafaka vikapewa karatasi, au visipewe kitu, na baada ya majeshi mawili kupita, ikaja njaa, na nyuma ya njaa homa kali ya mwaka 1918 iliyoizunguka dunia.

Ujira nao? Maaskari wa Kijerumani waliobaki hai walingoja mpaka miaka ya 1960, ndipo serikali ya Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa. Husimuliwa kwamba wengi hawakuwa na cheti, wakapewa ufagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani, na walioitika amri wakatambulikana kuwa ndio. Ni kisa kinachochekesha kwa sekunde moja. Mpagazi hakuwa na amri ya kuikumbuka ila moja, ya kubeba. Kwa upande wa Waingereza, ujira mwingi wa waliokufa haukuwafikia warithi wao; ulibaki vitabuni. Walichoachiwa wapagazi ni jina la mtaa: Kariakoo ya Dar es Salaam, iliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Hela na Kariakoo, maneno mawili ya kigeni yaliyofanywa Kiswahili katika moto mmoja. La kwanza ni la malipo, la pili ni la wasiolipwa. Na Kariakoo, kwa ajabu ya lugha, imekuwa soko.

Baada ya vita rupia ikafutwa Tanganyika, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1921. Unguja na Pemba zilishikilia rupia yao mpaka mwaka 1936. Matanuri ya Unyiha yalizimika polepole, kwa kuwa jembe la kiwanda liliuzwa kwa bei ambayo mhunzi hakuiweza.

Leo mpaka ule wa 1890 una mji. Tunduma upande huu na Nakonde upande wa pili ni kama viganja viwili vinavyosabahiana, na baina yao hupita malori ya shaba na ya mafuta, na reli ya TAZARA. Wabadilishaji wa fedha hukaa na mabunda mikononi, shilingi kwa kwacha na kwacha kwa shilingi. Kwacha, kwa lugha za huko, ni kusema kumekucha. Mwaka 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake, na mchuuzi aliyekuwa na kwacha elfu akaamka na kwacha moja, thamani ile ile. Mwenye kusimama mpakani anajua asilani kuwa fedha ni ahadi, na kwamba ahadi hupimwa kwa nguvu za aliyeitoa.

Jambo hilo mafundi wa Vietnam walilijua walipomimina zinki, na wa Lulanguru walipogonga maganda ya mizinga. Lakini waliolipa gharama ya ahadi hizo ni wengine: wenye njaa nje ya ghala la mpunga, na wenye mzigo katika njia ya Mbozi. Sarafu zao zimo katika makumbusho, zina namba na maelezo. Wao wamo katika nyimbo za kazi, katika majina ya mitaa, katika hadithi za mababu zinazosimuliwa Unyiha, Unyakyusa na Ufipa, na wasimuliaji wanapungua kila masika. Washairi na wafasiri wa lugha hii hatuna uwezo wa kulipa ujira ule. Kazi iliyo ndani ya uwezo wetu ni kwenda kuziandika nyimbo na hadithi hizo katika lugha zake, kuzifasiri, na kuzichapa kwa majina ya waliozihifadhi, kabla hazijawa kama hela: neno ambalo kila mtu analitumia na hapana anayekumbuka lilitoka wapi.